Takhfifu ya Kodi na Gharama ya Darasa

Kodi ya kichwa, waliyotozwa wanaume wazima wa Uganda na wanawake wenye ajira kwa kadiri ya pato lao, ilikuwa na madhila mengi, kwani askari wa serikali za mitaa waliwavizia watu alfajiri na asiyekuwa na tikiti akatiwa korokoroni. Hivyo ilipoondolewa mwaka 2005, uchaguzi ukiwa umekaribia, hakuna mwenye insafu aliyeisikitikia. Hata hivyo kodi hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya hazina za wilaya, na wilaya ndizo zilizokabidhiwa amana ya shule za msingi. Isingiro, yalimo makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ilimegwa kutoka wilaya ya Mbarara mwezi Julai wa mwaka uo huo, ikaanza maisha yake bila ya pato ambalo wilaya zilizoitangulia zililitegemea; na mwaka huo pia kodi ya ongezeko la thamani ikapandishwa kutoka asilimia 17 hadi 18.

Mwaka 2012 ikaja takhfifu nyingine, safari hii kwa watu wa mishahara, pale kima kisichotozwa kodi kilipopandishwa kutoka shilingi 130,000 kwa mwezi hadi 235,000. Tuipige hesabu hiyo taratibu. Karani wa Mbarara aliyepokea 235,000 alikuwa akikatwa 10,500, naye akasamehewa zote. Lakini mkubwa wake, mwenye mshahara uliozidi 410,000, alipata nafuu ya 20,500 kila mwezi, karibu maradufu ya karani. Ni kweli kwamba waliopokea zaidi ya milioni 10 waliongezewa kodi ya asilimia 10 juu ya ziada hiyo, na lilikuwa jambo la adili, ila watu hao ni wachache mno. Ilhali ruzuku ambayo serikali huipa shule ya msingi kwa kila mwanafunzi, ghairi ya mishahara ya walimu, kwa miaka mingi haikuvuka shilingi 20,000 kwa mwaka mzima!

Sheria ya wakimbizi ya 2006 iliwapa watoto wa Nakivale haki ya elimu ya msingi sawa na wenyeji. Lakini mama wa Kikongo auzaye nyanya sokoni hakuonja takhfifu ya 2012, maana hakuwa na mshahara wa kukatwa. Sabuni aliinunua pamoja na kodi yake, na muhula ulipoanza mwanawe alimletea karatasi ya mchango wa uji na wa mitihani, yaani pengo la ruzuku likazibwa na asiyepunguziwa kitu.

Mwenye pato dogo na apunguziwe, nami naliunga mkono hilo kwa moyo wote. Ila bajeti itamke papo hapo ni nani atakayefidia, na fedha zifike. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulibaini kwamba wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ndiyo iliyofika shuleni, na serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na kuzitaka shule zibandike ukutani hesabu ya zilichopokea, kilichofika kikaongezeka sana. Kando ya hesabu hiyo, katika kila shule ya Isingiro na ya Mbarara, ningetaka ibandikwe na ya pili: kodi iliyosamehewa mwaka huo, na tabaka lililofaidika nayo.