Kibonzo Darasani: Kuhakiki Shujaaz kwa Jicho la Fasihi

Mwalimu mwenzangu, huenda nawe umewahi kumnyang'anya mwanafunzi jarida la katuni alilolificha katikati ya riwaya teule. Mimi nilifanya hivyo mara nyingi katika shule moja ya kutwa magharibi mwa Nairobi, si mbali na Kangemi. Siku moja niliketi katika chumba cha walimu nikalisoma jarida nililolitwaa, nia yangu ikiwa ni kupata ushahidi dhidi ya mwenyewe. Nilipoinua macho, kengele ilikuwa imekwisha kulia na kipindi changu kilikuwa kimeanza bila mimi. Jarida hilo lilikuwa Shujaaz.

Katika makala haya tunanuia kuonyesha kwamba kazi ya aina hii yaweza kuhakikiwa kwa vipengele vile vile tunavyotumia kuhakiki riwaya na tamthilia, na kwamba kijana aliyezoea kuihakiki hapokei tena kila anachoambiwa na redio, gazeti au simu yake.

Historia yake ni fupi. Shujaaz lilianzishwa jijini Nairobi mnamo Februari 2010 na kampuni ya Well Told Story. Lilitolewa kila mwezi bila malipo, likasambazwa ndani ya gazeti la Daily Nation na katika vibanda vya M-Pesa, huduma ya Safaricom, kampuni ambayo makao yake makuu yako Waiyaki Way, Westlands. Nakala zilifikia takriban nusu milioni kwa mwezi. Tafadhali itafakari idadi hiyo. Mtaani Westlands, katika jumba la Sarit Centre, tulikuwa tukiwapeleka wanafunzi kwenye maonyesho ya vitabu ya kila mwaka, wakapapasa majalada mapya na kurudi mikono mitupu kwa sababu hawakuwa na pesa. Kibanda cha M-Pesa karibu na nyumbani kwao kiliwapa hadithi bure. Mwaka 2012 kazi hii ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy katika kitengo cha kazi za kidijitali za watoto na vijana.

Tuanze uhakiki na usimulizi. Mhusika mkuu ni Boyie, kijana aliyemaliza shule na asiye na kazi. Kwa siri ameunda kituo cha redio chumbani mwake na huingia hewani kwa jina la DJ B. Hadithi za wahusika wengine, wakiwemo Maria Kim, Charlie Pele na Malkia, zinaungana katika utangazaji wake. Hapa mwanafunzi ataona mbinu ya hadithi ndani ya hadithi bila kufafanuliwa sana. Ataona pia kinaya: sauti inayosikilizwa na vijana wengi ni ya mtu ambaye jamii yake inamwona mvivu asiye na mbele wala nyuma. Waulize wanafunzi kwa nini mwandishi hakumpa Boyie kazi katika kituo halisi cha redio. Majibu yao yatakushangaza, hasa ya wale wenye kaka walio nyumbani na vyeti vyao.

Kisha kuna hadhira. Wasomaji waliandika kwa ujumbe mfupi wa simu na baadaye kupitia Facebook, wakajibizana na DJ B kana kwamba ni mtu wa kweli, na waandishi wakatumia mengi ya waliyoyasikia kutoka kwao. Katika fasihi simulizi tunafundisha kwamba fanani na hadhira hutunga pamoja, ila mifano yetu aghalabu ni ya bibi na wajukuu kando ya moto. Mwanafunzi wa Kangemi ambaye hajawahi kuuona moto huo wa jioni anaweza kuuelewa uhusiano huu kupitia simu.

Suala la lugha ndilo linalotutia walimu wengi hofu, maana Shujaaz limeandikwa kwa Sheng. Sisemi kwamba hofu hiyo haina msingi. Nimesahihisha insha za kutosha. Hata hivyo, isimujamii hutahiniwa katika karatasi ya pili ya KCSE, na jina la jarida lenyewe ni somo la kipindi kizima. Wingi wa shujaa katika Kiswahili sanifu ni mashujaa. Sheng imeacha kiambishi awali na kutia mwishoni sauti ya wingi wa Kiingereza. Mwambie mwanafunzi aeleze kilichotokea, naye atakuwa amegusa ngeli, mofolojia na uchanganyaji wa lugha kwa pigo moja.

Zoezi lililonifaa zaidi ni hili. Toa ukurasa mmoja na uwaagize wanafunzi waugeuze kuwa onyesho la tamthilia kwa Kiswahili sanifu. Mara watagundua kwamba picha ilikuwa ikifanya kazi ambayo sasa yapasa kufanywa na maelekezo ya jukwaani: nani amesimama mlangoni, nani ameinamisha uso, mvua inanyesha au la. Wengine watalalamika kwamba Boyie akisema Kiswahili sanifu anakuwa kama mzee wa kanisa. Usiwakemee. Wamegundua wenyewe uhusiano wa lugha na usawiri wa mhusika, jambo ambalo mimi hulieleza kwa wiki mbili.

Sasa tufike penye utata. Kisa kimoja kilichojulikana sana kinahusu kupaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa mawindo. Ni maarifa yenye manufaa, na kinachekesha. Lakini jarida la bure halikosi mlipaji. Fedha zilitoka kwa wafadhili na washirika waliotaka masuala fulani, kama vile kilimo, afya na uongozi, yawafikie vijana. Hivyo basi mhakiki hana budi kuuliza: hapa Boyie ni mhusika au ni mfereji wa ujumbe? Ujumbe unatokana na tendo, au tendo limebuniwa ili kuubeba? Kwa maoni yangu kisa cha vifaranga kinafaulu kwa sababu hasara ni ya kweli na mwewe ni adui anayeonekana. Visa vingine, hasa pale mhusika anaposimama na kutoa maelezo marefu, vinachosha kama hotuba ya siku ya wazazi.

Swali la nani anasema, kwa niaba ya nani, lina uzito nchini mwetu. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, baadhi ya vituo vya redio vilinyoshewa kidole kwa kuchochea chuki, na waliovisikiliza ni pamoja na watoto wa shule.

Nilimrudishia yule kijana jarida lake siku ya tatu. Kabla ya kulipokea alitaka kujua kama nilikuwa nimefika mwisho. Nilimwagiza aandike aya moja kueleza kama DJ B ni mwongo, kwa kuwa anajificha nyuma ya jina. Aliandika kurasa mbili. Zilikuwa na maneno saba ya Sheng, niliyazungushia kalamu nyekundu, na pembeni ya kila moja nikaandika: "Anayesema hapa ni nani, wewe au Boyie?" Matano aliyabadilisha. Mawili aliyaacha, akanieleza sababu.