Glees, kijiji cha Ujerumani chenye ziwa la volkano linalotoa gesi

Glees ni kijiji kidogo magharibi mwa Ujerumani, chenye wakaaji mia kadhaa tu. Kiko Eifel, katika jimbo la Rheinland-Pfalz, si mbali na mto Rhein. Mtu wa Goma ao Sake akifika kule, kuna vitu viwili atatambua haraka: mawe ya volkano kwenye kuta za majengo ya zamani, na ziwa ambalo upande wa mashariki maji yake yanatoa mapovu bila kuchemka.

Ziwa lile linaitwa Laacher See. Jina lenyewe linachekesha kidogo, sababu « Laach » inatoka kwa neno la Kilatini lenye maana ya ziwa, na « See » kwa Kijerumani ni ziwa vilevile. Ni kusema « ziwa la ziwa ». Lina ukubwa wa kilomita za mraba 3 na zaidi kidogo, na kina cha metre kama 50.

Pale zamani hapakuwa ziwa. Miaka karibu 13 000 iliyopita volkano ililipuka kwa nguvu sana, chumba cha moto chini ya ardhi kikabaki wazi, udongo wa juu ukaporomoka, na maji yakajaa ndani ya shimo. Majivu yalifika mpaka Uswidi na kaskazini mwa Italia. Vifusi viliziba mto Rhein, maji yakarudi nyuma yakafanya ziwa kubwa, kisha kizuizi kikapasuka. Wakati ule hakukuwa miji. Watu waliishi kwa kuwinda.

Majivu yale baadaye yaligeuka kuwa mali. Tangu wakati wa Waroma watu wanachimba mawe ya eneo lile kwa kujenga na kwa kusagia nafaka. Mendig, mji jirani, ulichimbwa chini kwa chini mpaka kukabaki mapango makubwa yenye baridi mwaka mzima. Karne ya 19 watengenezaji wa bia wakaona ile nafasi: viwanda 28 vilikuwa vinahifadhi bia ndani, mpaka mashine za baridi zilipokuja na wengi wakahama.

Lakini kinacholeta wageni wengi ni monasteri ya Maria Laach, kando ya ziwa, ndani ya mipaka ya Glees. Ilianzishwa mwaka 1093 na mtawala Heinrich II wa Laach. Kanisa lake lenye minara sita lilibarikiwa mwaka 1156. Ziwa halikuwa na mto wa kutoa maji, kwa hiyo maji yalipopanda yalitishia wamonaki. Katika karne ile ya 12, wakati wa abati Fulbert, walitoboa mlima kwa mikono, tuneli ya metre mia nane na zaidi, ili maji yashuke. Kazi ya namna ile bila mashine si mchezo. Katika karne ya 19 tuneli ya pili ilishusha maji tena.

Monasteri imepita katika mengi. Mwaka 1802, wakati Wafaransa walitawala upande ule wa Rhein, ilifungwa. Wajesuiti waliinunua mwaka 1863, nao wakafukuzwa miaka kama kumi baadaye, serikali ilipogombana na Kanisa Katoliki. Wabenedikto walirudi mwaka 1892. Mwaka 1933, Wanazi walipomtoa Konrad Adenauer kwenye umeya wa Köln, ni pale alipokimbilia, kwa abati aliyesoma naye shuleni. Baada ya vita Adenauer akawa chansela.

Kijiji chenyewe kina baraza lake na meya wake waliochaguliwa. Meya si mtu wa mshahara. Ni kazi ya kujitolea. Mambo mazito ya ofisi yanafanywa na muungano wa vijiji vya bonde la Brohl.

Sasa, ile gesi. Mapovu ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka chini sana. Ni nzito kuliko hewa, inajikusanya kwenye mashimo na nafasi za chini, na inaweza kuua mnyama ao mtu aliyelala humo. Huku Kivu kila mtoto anajua jina lake: mazuku.

Hapa ndipo watu wanachanganya mambo. Wengine wanasema, kama Wajerumani wanaishi vizuri kando ya ziwa la gesi, basi hata Ziwa Kivu halina neno. Si hivyo. Kule Laacher See, majira ya baridi yakifika, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanashuka, na ya chini yanapanda. Ziwa linajikoroga lenyewe na gesi inatoka polepole. Kivu haina baridi ya namna ile, kina chake kinafika metre 485, na maji ya chini yenye chumvi hayapandi. Kwa hiyo gesi ya kaboni na metani vinabaki vimefungwa chini.

Upande wa volkano pia tofauti ni kubwa. Nyiragongo ililipuka 1977, 2002 na 2021. Ile ya Laacher See imenyamaza muda mrefu, ingawa haijafa. Mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba tangu 2013 vyombo vinasikia mitetemeko midogo ndani sana, mpaka kilomita 40 chini, alama kwamba huenda magma inasogea. Walisema hakuna dalili ya mlipuko wa karibu, lakini vyombo vya kupima vikaongezwa.

Wakati wakingoja, watu wa eneo lile wanauza gesi yenyewe. Huko Wehr, jirani na Glees, inachimbwa kutoka ardhini, inasafishwa, na kupelekwa kwa wanaotengeneza vinywaji vya mapovu.