Upatanifu wa Zana za Kuunda Programu na Unasaji wa Maarifa kwa Mashine: Mfano wa Takwimu za Rufiji na Kibiti

1.0 Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili wanaifahamu vyema dhana ya upatanisho wa kisarufi. Nomino inapobadilika, viambishi vya maneno yanayoandamana nayo hubadilika pia: mti mrefu umeanguka, miti mirefu imeanguka. Mzawa wa lugha hahitaji jedwali la ngeli ili aseme hivyo; maarifa hayo amejifunza bila kujua kwamba amejifunza. Jedwali huhitajika pale ambapo mgeni anajifunza lugha, au pale ambapo wazawa wenyewe wamepungua.

Hali inayofanana na hiyo imo katika uundaji wa programu za kompyuta. Programu huandikwa kwanza kama msimbo chanzo, kisha zana maalumu huukusanya msimbo huo pamoja na maktaba inazozitegemea na kuugeuza kuwa kitu kinachoweza kuendeshwa. Zana hizo, mathalani Maven na Gradle kwa lugha ya Java, sharti zipatane na toleo la lugha, na maktaba na mfumo endeshi. Hali hiyo ndiyo inayoitwa hapa upatanifu. Makala haya yanafafanua jinsi maarifa ya upatanifu yanavyoweza kunaswa na mashine badala ya kuachwa vichwani mwa watu, na kwa nini jambo hilo lina uzito katika eneo kama Rufiji na Kibiti.

2.0 Usuli: Daftari la Kaya na Programu Zake

Mwaka 1998 Wilaya ya Rufiji ilianza kuwa na mfumo wa ufuatiliaji wa watu na afya. Mfumo huo ulianzishwa chini ya mradi wa TEHIP, ulioendeshwa na Wizara ya Afya ya Tanzania kwa ushirikiano na shirika la IDRC la Kanada, na baadaye ukawa chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Kituo chake kilikuwa Ikwiriri, na baadhi ya vijiji vilivyohusika leo vimo katika Wilaya ya Kibiti, ambayo ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo wa 2010. Wadadisi walizitembelea kaya kwa mizunguko, wakaandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kwa kila kifo, ndugu wa marehemu waliulizwa dalili zilizotangulia ili sababu ya kifo ikadiriwe.

Umuhimu wa kazi hiyo unatokana na ukweli kwamba vifo vingi vilitokea nyumbani, mbali na rejesta za hospitali. Takwimu hizo ziliwawezesha viongozi wa afya wa wilaya kuona ni maradhi gani yaliyokuwa yakiua zaidi na kulinganisha mzigo huo na mgawanyo wa bajeti. Katika wilaya za TEHIP, yaani Rufiji na Morogoro, vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano.

Hifadhidata ya Rufiji iliendeshwa kwa mfumo wa usajili wa kaya uliokuwa umetumika kwanza Navrongo, Ghana, na ambao uliandikwa kwa Visual FoxPro. Toleo la mwisho la Visual FoxPro, yaani la 9, lilitoka mwaka 2004. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kuwa hapatakuwa na toleo jingine, na huduma zake zikakoma Januari 2015. Katika muongo wa 2010 ukaja mfumo wa OpenHDS, ulioandikwa kwa Java na kuundwa kwa Maven, ambao huwawezesha wadadisi kutumia vishikwambi badala ya madaftari. Hivyo takwimu zilezile za kaya zilijikuta zikitegemea kizazi kingine kabisa cha zana.

3.0 Tatizo: Maarifa Yasiyoandikwa

Mabadiliko ya zana hayakomi. Java 8 ilitoka mwaka 2014. Java 11, iliyotoka mwaka 2018, iliondoa sehemu kadhaa zilizokuwamo awali, ikiwamo maktaba ya kushughulikia data za XML iitwayo JAXB. Programu iliyoitegemea sehemu hiyo bila kuitaja iliundwa bila tatizo chini ya Java 8, lakini hukataa chini ya Java 11, ingawa hakuna hata herufi moja ya msimbo wake iliyobadilishwa. Vilevile, Gradle haikuweza kuendeshwa kwa Java 17 kabla ya toleo lake la 7.3, wala kwa Java 21 kabla ya toleo la 8.5.

Katika taasisi nyingi, mambo ya aina hii hujulikana na mtu mmoja au wawili. Fundi anajua kwamba kompyuta fulani isiguswe, kwa kuwa ndiyo pekee yenye matoleo yanayopatana. Mkataba wake ukiisha, jedwali la ngeli linaondoka pamoja naye. Anayemrithi hukuta msimbo ulio kamili na data zilizo salama, lakini hawezi kuunda upya programu ya kuzisoma.

4.0 Namna Mashine Inavyonasa Maarifa

Njia ya kwanza ni kujaribu. Mashine hupewa orodha ya matoleo, ikaunda programu kwa kila mchanganyiko na kuandika matokeo. Tuseme pana matoleo 5 ya Java, 6 ya zana ya kuundia na 4 ya hifadhidata. Michanganyiko itakuwa 120. Kila jaribio likichukua dakika 10, kazi yote itakwisha kwa saa 20, bila mtu kukaa mbele ya kompyuta.

Njia ya pili ni kuandika mazingira ya kila uundaji unaofanikiwa. Jumuiya ya Debian, ambayo tangu mwaka 2013 imekuwa ikishughulikia uundaji unaoweza kurudiwa, hutoa faili maalumu inayotaja matoleo yote yaliyotumika wakati programu ilipoundwa. Njia ya tatu ni ile ya Nix, mradi ulioanzishwa na Eelco Dolstra mwaka 2003, ambapo kila kijenzi hupewa utambulisho unaokokotolewa kutokana na vyote kinavyovitegemea. Katika njia hii maelezo ya upatanifu si kumbukumbu iliyo kando ya programu, ndiyo yanayoiunda.

5.0 Mipaka ya Unasaji

Hapa ulinganisho na isimu unasaidia tena. Kongoo huonyesha yaliyosemwa, lakini haionyeshi moja kwa moja yasiyokubalika. Kutokuwepo kwa tungo si ushahidi kwamba tungo hiyo ni kosa. Mashine ya kujaribu upatanifu ina nafuu, kwa sababu hushuhudia pia kukataliwa. Hata hivyo, si kila kukataliwa ni ukosefu wa upatanifu. Umeme ukikatika, au mtandao ukipotea wakati maktaba zinapakuliwa, jaribio litashindwa kwa sababu isiyohusiana na matoleo. Kwa hiyo jaribio lililoshindwa lirudiwe, na kumbukumbu ihifadhi ujumbe wa kosa wa mwanzo pamoja na tarehe, si neno "imeshindwa" peke yake. Mahali ambapo mtandao si wa uhakika, ni busara maktaba zote zihifadhiwe ndani ya taasisi kabla ya majaribio.

Mpaka wa pili ni kwamba kufaulu kuunda si kufaulu kufanya kazi. Programu inaweza kuundwa bila kosa, kisha ikasoma tarehe ya kuzaliwa visivyo. Kwa hiyo majaribio yaambatane na data za mfano ambazo majibu yake yanajulikana.

Mpaka wa tatu ni sababu. Jedwali husema kwamba jozi fulani haipatani; halisemi kwa nini. Maelezo hayo bado ni kazi ya mtaalamu, na yafaa yaandikwe kando ya matokeo ya mashine kwa lugha ambayo wafanyakazi wa kituo wanaielewa.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba upatanifu wa zana ni maarifa yanayochakaa haraka na yanayopotea kimya kimya, na kwamba mashine inaweza kunasa sehemu yake kubwa kwa gharama ndogo, mradi mipaka yake ieleweke. Kwa Rufiji na Kibiti suala hili si la mafundi pekee. Mtoto aliyezaliwa na kufariki nyumbani, mbali na zahanati, huenda hakuandikwa popote isipokuwa katika takwimu za kaya. Takwimu hizo zikikosa programu ya kuzisoma, ushahidi pekee wa maisha yake hautakuwa umefutwa, lakini hautasomeka.