Kijana wa Mguu Mmoja Aliyekimbia Kilometa 5,373

Wasomaji wengi waijua reli itokayo Dar es Salaam kwenda Kigoma. Ni mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Sasa fikirini mtu aende mbio kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, arudi, aende tena, arudi tena, kisha aongeze kilometa mia tatu juu yake. Tena fikirini kwamba mtu huyo hana mguu wa kulia. Mambo haya si hadithi ya sungura na fisi. Yalitendeka mwaka 1980 katika nchi ya Kanada, naye aliyeyatenda alikuwa kijana mmoja, jina lake Terry Fox.

MAUMIVU YALIYOFICHWA

Terry alizaliwa tarehe 28 Julai 1958 katika mji wa Winnipeg, akakulia Port Coquitlam, magharibi mwa Kanada. Hakuwa kijana wa ajabu. Alipenda mno mpira wa kikapu, lakini alikuwa mfupi, wala hakuujua sana mchezo wenyewe. Mwalimu wake akamshauri ajaribu mbio. Yeye akang'ang'ania mpira, akajizoeza siku zote, hata mwisho akahesabiwa miongoni mwa wachezaji bora wa shule yake.

Mwishoni mwa mwaka 1976 goti lake la kulia likaanza kumwuma. Kabla ya hapo alikuwa amepata ajali ya gari, basi akadhani maumivu yametoka huko. Tena aliogopa kwamba akisema, atatolewa katika timu. Akanyamaza mpaka michezo ya mwaka ule ilipokwisha. Machi 1977 maumivu yalimzidi, akapelekwa hospitali. Kumbe ni kansa ya mfupa! Kansa ya namna hii hupenda kuwashika vijana walio katika umri wa kukua, na mara nyingi huanzia karibu na goti. Madaktari wakaukata mguu, sentimeta 15 juu ya goti. Alikuwa na miaka 18.

Twajua jinsi neno hilo "kukata" linavyoogopwa. Wapo wazazi wanaomwondoa mtoto wodini na kumrudisha nyumbani, wakisema heri afe na viungo vyake vyote. Lakini kansa ikiachwa katika mfupa haitulii. Husafiri kwa njia ya damu mpaka mapafuni, na hapo kazi ya daktari huwa ngumu mno.

Usiku ule kabla ya kukatwa, mwalimu wake wa michezo alimletea gazeti lenye habari za mtu mmoja wa Marekani, Dick Traum. Mtu huyo alikuwa na mguu wa bandia, naye mwaka 1976 alikimbia mbio ndefu za New York mpaka mwisho. Terry akaisoma habari hiyo, akaiweka moyoni.

ALIYOYAONA WODINI

Baada ya kukatwa mguu, alitiwa dawa kali kwa muda wa miezi 16. Nywele zilimtoka, akatapika, akakonda. Lakini kilichomwumiza zaidi si maumivu yake mwenyewe. Katika wodi ile aliwaona wagonjwa wengine, na baadhi yao watoto, wakiteseka. Siku moja kitanda kina mtu, siku nyingine kitanda kitupu.

Yeye mwenyewe aliambiwa kwamba bahati yake ya kupona ni nusu kwa nusu. Miaka miwili tu nyuma, katika wagonjwa 100 kama yeye, walitazamiwa kupona 15 tu. Tofauti hiyo ililetwa na nini? Ililetwa na dawa mpya. Na dawa mpya hupatikana kwa uchunguzi wa wataalamu, nao uchunguzi hutaka fedha. Basi Terry alipotoka hospitali aliona ana deni. Akaazimu kukimbia kuvuka nchi yote ya Kanada, toka bahari hata bahari, ili kukusanya fedha za uchunguzi huo.

Mwaka 1979 akaanza kujizoeza. Kwanza alikimbia usiku, ili watu wasimwone. Nusu maili tu, akachoka. Mguu wa bandia wa siku zile ulikuwa mzito, haukutengenezwa kwa mbio. Ulimchubua mpaka damu ikatoka. Alianguka, akainuka. Aliendelea siku 101 mfululizo, na ilipofika Krismasi akapumzika siku moja tu, kwa kuwa mama yake alimwomba. Mwaka uleule alishindana katika mbio za mji wa Prince George. Alikuwa wa mwisho kabisa, dakika kumi nyuma ya mtu aliyemtangulia. Lakini alifika, na watu waliokuwapo wakampigia makofi huku wakilia.

Alipomwambia mama yake azimio lake, mama alikasirika, akaona mtoto amepotewa na akili. Baba yeye aliuliza neno moja tu: Lini?

TOKA NGUZO HATA NGUZO

Tarehe 12 Aprili 1980, katika mji wa St. John's, ulioko mashariki kabisa mwa Kanada, Terry alitia mguu wake wa bandia katika maji ya bahari ya Atlantiki. Akajaza chupa mbili za maji yale. Moja aliiweka iwe ukumbusho. Ya pili alitaka kuimwaga katika bahari ya Pasifiki siku atakapofika. Kisha akaanza mbio. Rafiki yake mmoja aliendesha gari dogo lenye chakula na mahali pa kulala.

Siku za kwanza zilikuwa za upepo, mvua na theluji. Pengine hapakuwa na mtu hata mmoja njiani. Lakini walipofika mji mdogo wa Port aux Basques, wenye watu kama 10,000, wenyeji wakamchangia zaidi ya dola 10,000. Hapo Terry akapata wazo: kila mtu wa Kanada atoe dola moja. Nchi ile wakati huo ilikuwa na watu milioni 24.

Kila siku alikimbia karibu kilometa 42. Watu walimwuliza awezaje. Jibu lake ni la kufaa kila mgonjwa na kila mwenye kumwuguza mgonjwa. Hakuifikiria Kanada yote, maana angeifikiria yote angekaa chini. Alifikiria maili moja tu, ile iliyo mbele yake. Na maili ikiwa ndefu mno, alitazama nguzo ya simu, au kibao, au kona ya barabara, akajitahidi kufika pale. Akiisha kufika, alitazama nyingine.

Habari zake zikaenea. Alipoingia Toronto mwezi Julai, maelfu ya watu walimngojea. Wafanya biashara walitaka kumlipa atangaze bidhaa zao, naye akakataa. Alimpata pia rafiki mdogo, mtoto wa miaka 10 aliyekatwa mguu kwa ugonjwa uleule. Mtoto huyo alimfuata nyuma kwa baiskeli, na baadaye wakaogelea pamoja ziwani. Katika siku zote za safari, Terry aliipenda ile kuliko nyingine.

SIKU YA 143

Tarehe 1 Septemba 1980, karibu na mji wa Thunder Bay, alishikwa na kikohozi na maumivu ya kifua. Kwa kuwa watu walikuwa wamesimama kandokando ya barabara, hakutaka kusimama mbele yao. Akaendelea mpaka watu walipokwisha, ndipo alipoingia garini na kuomba apelekwe hospitali. Kansa ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekimbia siku 143, kilometa 5,373. Chupa ile haikumwagwa katika Pasifiki na mkono wake.

Lakini tazameni jambo hili. Aliposimama yeye, nchi ikainuka. Wazee, watoto wa shule, wafanyakazi, wote wakatoa. Tarehe 1 Februari 1981 fedha zilikuwa zimepita dola milioni 24: dola moja kwa kila mtu, kama alivyotaka. Terry aliiona siku hiyo kwa macho yake. Akafariki tarehe 28 Juni 1981, akibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 23.

Mwezi wa Septemba mwaka uleule watu 300,000 walikimbia na kutembea kwa ukumbusho wake, na tangu hapo hufanyika hivyo kila mwaka, katika Kanada na katika nchi nyingine nyingi. Hakuna mshindi wala zawadi. Fedha zilizopatikana zimepita dola milioni 800. Na leo, mahali penye dawa na wataalamu, vijana wengi wenye kansa kama yake hawakatwi mguu tena, bali huondolewa mfupa mgonjwa peke yake.

NASI TUFANYE NINI?

Kwanza, baba na mama, mtoto akilalamika mfupa kwa majuma kadhaa, hasa ukimwuma usiku, au goti likivimba pasipo kupungua, msingoje. Mpelekeni hospitali apigwe picha. Si kila goti linaloumwa lina kansa, mengi hayana. Lakini Terry mwenyewe alinyamaza miezi mitatu.

Pili, akirudi kijijini mtu aliyekatwa mguu, au mama aliyekatwa titi, au mtoto asiye na nywele kwa sababu ya dawa, tusimpokee kwa matanga. Wala tusimwulize kila siku kama amekwisha pona, maana hilo ni swali la Kanada nzima. Tumwulize habari ya nguzo iliyo mbele yake. Leo amekunywa uji, ukatulia tumboni? Ametembea hata kisimani? Amemaliza sindano ya tatu katika sita? Hayo kwake ni ushindi mkubwa, nasi tuyahesabu pamoja naye.