Mama Akirudi Darasani, Nyumba Itabaki na Nani?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na aghalabu kwa sauti ya chini. Huulizwa na baba anayehesabu gharama, na mama mkwe anayewaza nani atawapikia wajukuu, na mara nyingine na mama mwenyewe usiku, watoto wakiwa wamelala. Ni swali la haki. Makala hii haikuandikwa ili kulipuuza, bali kulijibu. Na ili tusiseme hewani, tutalijibu tukiwa tumeitazama sehemu moja ya nchi yetu: Kibiti na delta ya Mto Rufiji.

Msomaji aliyewahi kusafiri kwenda Lindi na Mtwara anaijua Kibiti. Ukitoka Dar es Salaam unapita Mbagala, unaipita Mkuranga, kisha unafika. Mbele kidogo ni Ikwiriri, halafu Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, ambalo liliwaondolea wasafiri adha ya kusubiri pantoni. Upande wa bahari kuna Nyamisati, mahali ambapo boti huondoka kwenda Mafia, na kuna vijiji vya delta kama Mbwera, vilivyozungukwa na mikoko. Huko akina mama hulima mpunga, huuza kamba na samaki, na husuka mikeka ya ukili. Ni watu wa kazi, na uvivu si tatizo lao.

Tatizo ni kwamba mto hauna mkataba na mtu. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na kuzihamisha familia. Nyumba iliyokuwa ikitegemea shamba peke yake ilibaki mikono mitupu. Nyumba yenye mtu mwenye mshahara, hata mdogo, au mwenye ufundi unaolipa, ilikuwa na pa kushika. Hapo ndipo habari ya mama kuendelea na masomo inapoacha kuwa ya anasa na kuwa ya chakula.

WILAYA INATAKA WATU

Kibiti ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji hadi miaka michache iliyopita, ilipogawanywa na kuwa wilaya ya peke yake, kati ya 2015 na 2016. Wilaya inapozaliwa huhitaji walimu, wauguzi, wahasibu, maafisa ugani, watunza kumbukumbu na watu wa maabara. Wapo wanaopangiwa kazi kutoka mbali, na tunawashukuru. Lakini kila anayekaa maeneo yenye maji anajua jinsi mtumishi mgeni anavyohangaika. Akifika kijiji cha delta akakuta hakuna nyumba wala umeme, na safari ya kwenda mjini ni ya boti, huanza kuandika barua za kuomba uhamisho. Mama aliyezaliwa hapo, aliyeolewa hapo na anayewajua watu kwa majina, haombi uhamisho. Angekuwa na cheti, angekuwa mtumishi bora kuliko mwingine yeyote.

Jambo hili lilikwisha kujaribiwa. Kuanzia mwaka 2011, katika wilaya za Rufiji, Kilombero na Ulanga, Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzake waliendesha mradi wa kuwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini walioitwa WAJA, yaani Wawezeshaji wa Afya ya Jamii. Wakati huo Kibiti ilikuwa bado ndani ya Rufiji. Wahudumu hao walitoka katika vijiji vyenyewe, wakafundishwa kwa muda wa miezi tisa, kisha wakarudi kuwahudumia mama wajawazito na watoto nyumba kwa nyumba. Lakini tuangalie sharti moja: walitakiwa wawe na elimu ya sekondari. Mama mwenye busara na huruma, ambaye wenzake humkimbilia mtoto anapochemka homa, kama aliishia darasa la saba mlango ule haukufunguka kwake. Uwezo alikuwa nao. Cheti hakuwa nacho.

NJIA YA MKATO NA MWISHO WAKE

Kwa kuwa vyeti vinatakiwa, wapo walioamua kuviazima au kuvinunua. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliwagundua zaidi ya watu 9,900 wenye vyeti vya kughushi, nao wakaondolewa kazini. Wengi walikuwa na miaka mingi kazini, wana watoto shuleni na mikopo benki. Fikiria siku baba au mama aliporudi nyumbani na habari hiyo.

Wakati huo huo waliondolewa pia watumishi walioishia darasa la saba, ambao hawakuwa wamedanganya lolote. Sababu ni kwamba utaratibu wa tangu 20 Mei 2004 ulimtaka anayeajiriwa serikalini awe amemaliza kidato cha nne. Mwaka 2018 serikali iliagiza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warudishwe kazini. Kwa hiyo yako mafundisho mawili hapa. La kwanza, uongo hata ukikaa miaka ishirini ni uongo, nasi tulio wa Kristo hatuna ruhusa ya kula mkate wake. La pili, mtu aliye kazini leo asiseme, "Mimi nimekwisha pata." Masharti ya kazi hubadilika, na asiyejiongezea elimu huachwa njiani.

MILANGO ILIYO WAZI

Nchi yetu haikuanza leo kuwasomesha watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mizizi tangu mwaka 1960, na sheria ya mwaka 1975 iliifanya ijitegemee. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wenye umri wanakumbuka vikundi vya kusikiliza redio vya "Mtu ni Afya" mwaka 1973. Bibi na babu zetu walijifunza kusoma chini ya miembe. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Haya yalifanywa na watu waliotoka shambani jioni wakiwa wamechoka, kama wewe.

Leo mama anaweza kuchagua mlango kwa kadiri ya hatua aliyofikia.

Kwa aliyeishia darasa la saba: anaweza kusoma sekondari nje ya utaratibu wa kawaida, katika madarasa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima au kwa kujitegemea. Hufanya kwanza mtihani wa maarifa unaoitwa QT, na akifaulu huruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito naye asikate tamaa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi hata katika shule za kawaida baada ya kujifungua.

Kwa anayetaka ufundi: vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, na kimojawapo kipo Ikwiriri, jirani kabisa na Kibiti. Vyuo hivi hufundisha fani kama ushonaji, upishi, useremala na kilimo, na katika baadhi yake mama huja na mtoto wake, akapata mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani. Tena, fundi aliyejifunza kazi kwa kufanya tu, kama mshonaji au mpishi, anaweza kupimwa ujuzi wake na VETA na kupewa cheti kwa kile anachokijua tayari.

Kwa mwenye kidato cha sita au stashahada: upo mlango wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, Profesa Geoffrey Mmari akiwa makamu mkuu wake wa kwanza. Mwanafunzi hahami nyumbani. Husoma kwa vitabu na kwa intaneti, huenda kituoni kwa mitihani na mafunzo ya ana kwa ana, na si lazima amalize kwa miaka mitatu. Akizaa, akiuguliwa au akiishiwa ada, anaweza kwenda polepole. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeko delta anaweza kufikia shahada bila kuliacha darasa lake.

Tuseme na ukweli mwingine. Si kila kitu husomwa ukiwa nyumbani. Uuguzi, kwa mfano, unahitaji wodi na wagonjwa, na hapo mama hana budi kukaa chuoni. Wala cheti si hirizi. Wapo wenye shahada wasio na kazi. Kwa hiyo kabla hujalipa ada, uliza: Hapa kwetu kunahitajika nini? Nani ataniajiri, au nitajiajiri vipi? Chuo hiki kimesajiliwa? Vyuo vya ufundi na vya kati husajiliwa na NACTVET, na vyuo vikuu hutambuliwa na TCU. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipa kwanza.

MWANAMKE, MKE NA MWANAFUNZI

Yuko mama mmoja ambaye njia yake inafahamika na wote. Samia Suluhu Hassan alimaliza sekondari mwaka 1977 akaanza kazi kama karani huko Zanzibar. Mwaka 1978 akaolewa. Hakuishia hapo. Alihitimu stashahada ya juu ya utawala Mzumbe mwaka 1986, akasoma Manchester, Uingereza, kati ya 1992 na 1994, na baadaye akapata shahada ya uzamili kupitia Chuo Kikuu Huria kikishirikiana na chuo kimoja cha Marekani. Mwaka 2021 aliapishwa kuwa Rais. Si kila karani atakuwa rais, wala hatumtaji kwa ajili ya cheo. Tunamtaja kwa sababu alisoma kwa vipande, mwaka huu hatua moja, baada ya miaka hatua nyingine, huku akiwa mke na mama wa watoto. Ndivyo mwanamke aliyeolewa anavyosoma.

Sasa tulijibu swali letu. Nyumba itabaki na nani? Itabaki na wenyewe wote.

Kwanza, mama aanze kwa kuzungumza na mumewe, tena kabla ya kuchukua fomu. Mume anayeambiwa jambo likiwa limekwisha fanyika huona amedharauliwa, hata kama jambo lenyewe ni jema. Chagua saa ya utulivu. Mweleze ni masomo gani, ya muda gani, ada kiasi gani, na nyumba itafaidi nini. Kama anaogopa kwamba ukisoma utamdharau, usimcheke. Hofu hiyo wanaume wengi wanayo, na huondolewa na heshima unayomwonyesha kila siku, si kwa hoja.

Pili, gawaneni kazi. Kijana wa kiume wa miaka kumi na miwili anaweza kuteka maji na kuosha vyombo; hakuna andiko linalomkataza. Weka saa moja tu ya kusoma kila jioni, nao watoto wakae mezani na madaftari yao. Mtoto anayemwona mama yake akisoma hahitaji kupigiwa kelele asome.

Tatu, msikope ovyo. Ada ya muhula mmoja inaweza kukusanywa kwa upatu au VICOBA kabla ya kuanza. Haba na haba hujaza kibaba. Ni afadhali kuchelewa mwaka mmoja kuliko kusoma huku mdai amesimama mlangoni.

Nne, makanisa yetu yasibaki kuimba tu. Vikundi vya akina mama vina vyumba vinavyokaa tupu siku sita kwa juma. Vingeweza kuwa mahali pa kujisomea jioni, kwa taa ya sola, na mwalimu mstaafu akasaidia hesabu na Kiingereza. Kule Kibiti, ambako majirani zetu wengi ni Waislamu, chumba cha namna hiyo kiwe wazi kwa kila mama. Mto ukifurika hauulizi dini.

KUFUNDISHWA SI AIBU

Yupo anayesema, "Nitakaaje dawati moja na watoto wa umri wa mwanangu?" Mama huyo asome Matendo ya Mitume sura ya 18. Apolo alikuwa mtu mzima, msomi na msemaji hodari. Hata hivyo alikubali kufundishwa zaidi na Prisila na Akila, mke na mume waliokuwa mafundi wa kushona mahema. Hakuona haya, na kanisa likafaidi. Na Prisila naye hakungoja kuambiwa kwamba kazi ya mikono na ya akili haziendi pamoja.

Kwa hiyo, mama msomaji, usianze na shahada. Anza na hatua iliyo mbele yako. Kama ni QT, uliza juma hili katika ofisi ya elimu ya kata yako lini usajili unafunguliwa. Kama ni chuo cha wananchi, tuma mtu akuletee fomu. Kama uko kazini, kitafute cheti chako, ukiweke mahali pakavu, uangalie hatua inayofuata ni ipi. Halafu keti na mumewe na watoto, mlileteni jambo hilo katika sala ya jioni, na mpange nani atapika siku za mtihani.