Afya ya Jiji, Sehemu ya Tatu: Bomba la Barghash na Mitaro ya Laini Saba

Katika sehemu zilizotangulia nilieleza jinsi Katiba ya 2010 ilivyozikabidhi kaunti zahanati, vituo vya afya na magari ya wagonjwa, na jinsi huduma za Nairobi zilivyohamishiwa Nairobi Metropolitan Services (NMS) ya serikali kuu mwaka 2020 kabla ya kurudi City Hall mwaka 2022. Sitarudia.

Kilichonirudisha kalamuni ni waraka wa mkakati wa fedha, ambao Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 huitaka kila kaunti iufikishe kwenye bunge lake kabla ya Februari kwisha. Mjadala wake ni ule ule wa kila msimu: vitanda, mashine, wodi, mishahara, madeni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Sipingi hata kimoja. Ila orodha yote inamngoja mtu augue kwanza. Anayetaka kuona utawala ulioanza na mtu akiwa bado mzima, twende naye Unguja.

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia mjini Unguja kupitia Pangani, kikiwa kimeshuka pwani pamoja na misafara ya bara. Dkt James Christie, Mskochi aliyekuwa akitibu watu mjini humo, aliifuata njia ya ugonjwa kwa subira ya karani wa forodha. Alikusanya habari za wafanyabiashara na wasafiri, akalinganisha miezi na vituo, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika Mashariki.

Seyyid Barghash alikalia kiti cha usultani mwaka 1870, msiba ukiwa bado mbichi. Alikuwa amewahi kuishi uhamishoni Bombay, akaona jiji kubwa linavyoendeshwa. Kabla ya kufariki mwaka 1888 alikuwa ameshavuta maji ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini, watu wakateka bila kulipa. Simpambi: utajiri wake ulitoka kwenye karafuu, na karafuu zilichumwa kwa jasho la watumwa. Hata hivyo mtawala huyo, asiyewahi kupigiwa kura na mtu yeyote, alijua kwamba maji safi ni sehemu ya tiba.

Nairobi ilikwenda njia nyingine. Tauni ilipozuka mwaka 1902, wakubwa waliichoma moto bazari ya Wahindi. Mwaka 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson kuchunguza usafi wa mji, na dawa aliyoiandika ilikuwa kuwatenga wakazi kwa rangi. Mabomba na mitaro ikafuata mpaka huo. Kibra, yaani Kibera, walikokuwa wamekaa askari Wanubi wa King's African Rifles (KAR), ilitangazwa ardhi ya jeshi mwaka 1918, ikabaki nje ya hesabu ya mji. Baadaye wakubwa wakashika hoja kwamba mtaa usio na hati hauwezi kupelekewa huduma. Wanubi wenyewe walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Karne nzima! Na pale chini, bwawa la Nairobi Dam lililojengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji sasa limefunikwa na magugu, uchafu wa vijiji vya juu ukiteremkia humo.

Nafasi yangu inakwisha nami sijafika Laini Saba, kijiji kimojawapo cha Kibera. Huko maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na mabomba ya plastiki yanayoyaleta hulazwa ndani ya mitaro ya maji machafu. Mgao unapokatika, bomba lenye ufa hunyonya kilicho nje. Maji yakirudi, uchafu huo huingia mtungini pamoja nayo, mara nyingi bila rangi wala harufu ya kumwonya mtu. Choo kikijaa, lori la kunyonya halipenyi vichochoroni. Kazi hubaki kwa vijana waitwao vyura, wanaotapisha vyoo kwa ndoo na mapipa, na mzigo wao mara nyingi huishia mtoni. Muuguzi atampa mtoto chumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini, atapona, kisha atarudi nyumbani kwenye mtungi ule ule.

Majengo si kwamba hayapo. Mwaka 2017 Madaktari Wasio na Mipaka, baada ya takriban miaka 20 Kibera, waliiachia kaunti kituo walichokijenga Kibera South. Wala tiba ya mabomba si siri: shirika la SHOFCO limeyapitisha juu ya nguzo, mbali na mitaro. Kampuni ya maji ya jiji ni mali ya kaunti hiyo hiyo inayolalamikia gharama za kutibu kuhara. Kifungu cha 43 cha Katiba kimeweka matibabu, usafi na maji pamoja. Ni makarani wa bajeti waliovitenganisha, kwa sababu utepe hukatwa mlangoni mwa wodi na hakuna mwanasiasa anayepigwa picha kando ya mtaro. Huo ni ubatili, nami sioni neno la upole zaidi.

Vikao vya maoni ya umma hufanyika kabla ya makadirio kupitishwa. Msomaji wa Laini Saba, nenda. Usiombe zahanati nyingine. Uliza bomba la mtaa wako litatolewa mtaroni mwezi gani, vyoo vitatapishwa kwa fedha za fungu lipi, na umtake diwani wako ajibu mbele ya watu.