Taarifa za mtoto wako kwenye utafiti zinakaa wapi?

Muuguzi wa utafiti akikuomba mtoto wako ashiriki majaribio ya chanjo au dawa, atakusomea fomu ya ridhaa: sindano ngapi, damu kiasi gani, nauli itarudishwaje. Wazazi huuliza kuhusu madhara, na wengine huuliza kwa sauti ya chini kama damu hiyo inakwenda kuuzwa. Ni maswali halali, yaulize. Lakini lipo jingine ambalo ni nadra kulisikia: hayo yatakayoandikwa kuhusu mwanangu yatakaa wapi, na miaka kumi ijayo nani ataweza kuyasoma?

Tuangalie utafiti uliofanyika hapa hapa Mwanza. Mwaka 2017 kituo cha utafiti cha MITU, ambacho ni ushirikiano wa NIMR na chuo cha afya na tiba za kitropiki cha London, kilianza utafiti uitwao DoRIS. Wasichana 930 wa umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi sita. Walipewa dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, kwa kutumia chanjo za aina mbili. Swali lilikuwa kama dozi moja inatosha.

Sasa, huwezi kumsubiri mtoto wa miaka tisa afike umri wa kupata saratani ndipo ujue jibu. Kwa hiyo kinga ya mabinti wa Mwanza ililinganishwa na ya wanawake wa Costa Rica na wasichana wa India waliopata dozi moja na kufuatiliwa kwa miaka mingi. Damu za pande zote zilipimwa kwa njia moja, katika maabara moja, na kinga ikaonekana kulingana. Wakati huohuo, ng'ambo ya ziwa, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vitatu vya utafiti mwingine nchini Kenya. Wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki, na katika miezi 18 dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizi ya kudumu ya aina mbili hatari zaidi za HPV. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliikubali dozi moja. Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia huko. Ndiyo maana binti yako akichanjwa shuleni leo, hadaiwi dozi ya pili.

Kulinganisha namna hiyo hakuwezekani kama kila kituo kinaandika kivyake. Huku jinsia imeandikwa "Ke", kule "F", kwingine namba 2. Tarehe 03/04/2017 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi. Na saa ndiyo mtihani kabisa! Mama anasema homa ilimpanda mtoto saa moja asubuhi. Karani aliyezoea saa za kompyuta akiandika 01:00 badala ya 07:00, tayari homa imetangulia sindano iliyochomwa saa kumi na moja alfajiri, na dalili ambayo huenda ni madhara ya dawa inahesabiwa kuwa mtoto alikuja nayo kutoka nyumbani.

Kwa sababu hiyo ipo lugha moja ya kuandikia data za majaribio, inayosimamiwa na taasisi ya kimataifa iitwayo CDISC, iliyoanza mwaka 1997. Inaelekeza kila kitu kiitwe nini na kiandikwe vipi: tarehe huanza na mwaka, na madhara yana jedwali lake. Mamlaka ya dawa ya Marekani inaidai lugha hiyo kwa tafiti zilizoanza baada ya Desemba 17, 2016, pale matokeo yanapopelekwa kuombea dawa kibali.

Tatizo ni bei. Programu nyingi zinazoendesha kazi hii hulipiwa leseni kila mwaka. Kampuni kubwa ya dawa haioni uzito. Daktari wa hospitali ya wilaya anayetaka kujua dawa ipi inawafaa watoto wenye selimundu wa Kanda ya Ziwa, au wavuvi wenye kichocho, hukwama hapo hapo. Hata penye ufadhili, mradi ukiisha leseni nayo inaisha, na data zinaweza kubaki ndani ya faili lisilofunguka. Kwangu mimi hilo ni deni kwa mtoto aliyetoa mkono wake uchomwe.

Njia ya gharama nafuu ni programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila leseni ya kulipia. ODK hukusanya majibu kwenye simu hata pasipo mtandao, kisha hutuma mtandao ukipatikana. Mtu wa Ukerewe au Kome anajua hilo lina maana gani. OpenClinica ilitoa toleo huria mahsusi kwa majaribio ya tiba. OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Msichanganye huria na bure: REDCap ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt hutolewa bila malipo kwa taasisi zisizo za kibiashara, lakini msimbo wake si huria. Na huria nayo ina gharama zake. Seva inahitaji umeme usiokatika, na anayeitunza anahitaji mshahara. Mimi ningependa fedha hizo zimlipe kijana wa Mwanza aliyesomea kazi hiyo kuliko zilipe leseni.

Wewe mzazi una sehemu yako. Nenda na kadi ya kliniki ili tarehe ya kuzaliwa iwe ileile kila mara. Ukitaja saa, sema ni ya asubuhi, jioni au usiku. Taja kila dalili, hata kikohozi unachokiona kidogo, na kila dawa, ya dukani au ya miti shamba.

Kisha uliza. Jina la mwanangu litabadilishwa kuwa namba? Orodha inayounganisha jina na namba anaishika nani? Data zitapelekwa nje ya nchi, na watafiti wengine wataruhusiwa kuzitumia? Tukijitoa, yaliyokwisha kuandikwa yatafanywaje? Matokeo tutaambiwa lini, na kwa Kiswahili? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo huombi hisani. Muuguzi akikosa jibu, mwambie amwite mtafiti mkuu kabla hujasaini. Fomu inapaswa pia kuwa na simu ya kamati ya maadili. Omba nakala yako, uiweke pamoja na kadi ya mtoto.